Kura ya Kuazima

Lipo swali moja la maadili ambalo vitabu vya uraia tulivyovitumia shuleni havikuligusa. Je, mtu anapoingia katika chumba cha kupigia kura, anapaswa kukichagua chama anachokiamini, au chama kitakachomzuia yule anayemwogopa? Kwa maneno mengine, kura ni ushuhuda au ni silaha? Kama ni ushuhuda, basi kumpa mtu usiyemwamini ni kushuhudia uongo. Kama ni silaha, basi kumpa mtu asiyeweza kushinda ni kupiga risasi hewani huku adui yuko mlangoni.

Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na nimelitafakari nikiwa Kanada, nchi ambako nimekuwa mpiga kura katika uzee wangu. Sisi tuliokulia Tanzania ya chama kimoja hatukulijua. Katika miaka ya 1970 karatasi ya ubunge ilikuwa na wagombea wawili, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba, na wote walikuwa wa chama kile kile. Kura ya Rais ilikuwa ya Ndiyo au Hapana. Mtu aliweza kulalamika kwamba uchaguzi wenyewe ni mwembamba, lakini hakuna aliyelazimika kumpa jembe kura yake kwa sababu ya kumwogopa mtu wa tatu. Somo hili nimelipata ugenini, na nimelilipia ada. Sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo siku niliyoapa kuwa raia wa Kanada, ili niwe karibu na watoto na wajukuu, niliuacha uraia niliozaliwa nao. Kura iliyopatikana kwa bei hiyo haitumiwi ovyo.

Kwanza nieleze mambo yalivyo, maana msomaji wa Tanga au wa Tabora hana sababu ya kuyajua. Bunge la Kanada lina viti 343. Kila jimbo huchagua mbunge mmoja, na mshindi ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazikufika nusu. Vyama vikubwa ni viwili: Waliberali, ambao wametawala kwa miaka mingi zaidi, na Wahafidhina. Katika mkoa wa Québec kuna Bloc Québécois, chama kinachosimamia maslahi ya mkoa huo peke yake. Kuna chama kidogo cha Kijani, na kuna chama cha New Democratic, kinachojulikana kwa herufi NDP, ambacho ndicho chama cha mrengo wa kushoto.

Niseme pia maana ya maneno hayo, kwa sababu siku hizi yanatumika kama tusi au kama pambo. Ninaposema mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto nina maana kwamba naamini maradhi, uzee na ujinga ni mizigo ya jamii nzima, na kwamba soko, hata likiwa stadi namna gani, halina huruma ya kuibeba. Imani hiyo sikuipata Kanada. Nilikwenda nayo. Lakini huko nilikuta chama kilichoisimamia kwa miaka tisini bila kutawala nchi nzima hata siku moja, na jambo hilo lilinishangaza. Chama kinawezaje kushindwa kila mara, na bado sera zake zikawa ndizo fahari ya taifa?

Jibu liko katika historia. Mwaka 1926 Bunge la Kanada lilikuwa halina chama chenye wabunge wa kutosha. Wabunge wawili wa upande wa wafanyakazi, J. S. Woodsworth, aliyekuwa zamani mchungaji wa Kimethodisti, na A. A. Heaps, waliuliza vyama vyote viwili vikubwa: mtawafanyia nini wazee? Waziri Mkuu Mackenzie King alihitaji kura zao, na mwaka 1927 sheria ya pensheni ya wazee ikapitishwa. Zilikuwa dola 20 kwa mwezi, kwa maskini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Watu wawili tu walifanya kazi hiyo. Mwaka 1932 kikaundwa chama cha CCF, Woodsworth akiwa kiongozi wake wa kwanza, na mwaka 1961 kikageuka kuwa NDP.

Katika mkoa wa Saskatchewan chama hicho kilipata kutawala, kuanzia mwaka 1944, chini ya Tommy Douglas. Kwanza kilianzisha bima ya hospitali mwaka 1947. Kisha, Julai 1962, chini ya Woodrow Lloyd aliyempokea Douglas, kilianzisha bima ya matibabu kwa wote. Madaktari waligoma siku 23. Douglas mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kuongoza NDP ya taifa, alishindwa ubunge mjini Regina mwaka huo huo, na mwaka 1964 chama chake kikaondolewa madarakani huko Saskatchewan. Lakini bima ikabaki. Mwaka 1966 serikali ya Kiliberali ya Lester Pearson, nayo ikiwa haina wabunge wa kutosha, ilipitisha sheria ya kuieneza nchi nzima. Leo hakuna Mkanada, wa kulia wala wa kushoto, anayethubutu kusimama jukwaani na kusema bima ile iondolewe.

Nimeyasema haya ili msomaji aone kinachopimwa. Nguvu ya chama hiki haikutokana na kushinda. Ilitokana na kuwapo bungeni, kwa idadi ya kutosha, siku ambayo wakubwa walihitaji mkono. Chama cha namna hiyo ni kama chumvi: hakuna anayekula sahani ya chumvi, lakini mchuzi usio nayo kila mtu anautambua.

Mfano wa karibuni naubeba kinywani mwangu. Baada ya uchaguzi wa 2021 NDP ilikuwa na wabunge 25. Machi 2022 kiongozi wake, Jagmeet Singh, aliafikiana na Waziri Mkuu Justin Trudeau: NDP itaiunga mkono serikali katika bajeti na kura za imani, na serikali itatekeleza mambo kadhaa. Moja lilikuwa matibabu ya meno. Bima ile ya mwaka 1966 iliacha meno nje, kana kwamba mdomo si sehemu ya mwili. Mpango mpya ukaanza na wazee, na mwaka 2024 mimi, nikiwa miongoni mwa wasio na bima ya kazini na wenye mapato chini ya kiwango cha dola 90,000 kwa familia, nikaketi katika kiti cha daktari wa meno bila ya kuhesabu kwanza akiba yangu. Mwaka huo huo ikapita sheria ya dawa, iliyoanza na dawa za kisukari na za uzazi wa mpango, na nyingine iliyowakataza waajiri walio chini ya sheria za serikali kuu kuajiri watu wa kushika nafasi za wafanyakazi waliogoma. Wabunge 25 kati ya 338 waliokuwapo wakati huo.

Septemba 2024 Singh aliyavunja makubaliano hayo. Kilichofuata kilikwenda haraka. Januari 2025 Trudeau alitangaza kwamba atajiuzulu. Wahafidhina, chini ya Pierre Poilievre, walikuwa mbele katika kura za maoni kwa zaidi ya pointi 20. Ndipo Rais Donald Trump wa Marekani akaanza kutoza ushuru bidhaa za Kanada na kusema kwamba nchi hiyo ingefaa iwe jimbo la 51 la Marekani. Waliberali wakamchagua Mark Carney, aliyepata kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kanada na kisha ya Uingereza, na nchi nzima ikageuka. Tarehe 28 Aprili 2025 Waliberali walipata karibu asilimia 44 ya kura na viti 169, Wahafidhina zaidi ya asilimia 41 na viti 144. NDP, iliyokuwa imepata karibu asilimia 18 mwaka 2021, ilipata asilimia 6.3 na viti saba. Kwa kuwa chama hutambuliwa rasmi bungeni kikiwa na wabunge 12, hata hadhi hiyo ikapotea, pamoja na fedha za utafiti na nafasi za kuuliza maswali. Singh alishindwa katika jimbo lake mwenyewe na akajiuzulu. Chama kilichotupa meno kikabaki kibogoyo.

Watu gani walifanya hivyo? Si maadui wa chama. Wengi walikuwa wenyewe, watu wanaoamini ninayoyaamini mimi. Waliiazima kura yao kwa Waliberali, na ni juu yao hasa kwamba naandika.

Binti yangu ni mmoja wao, na hoja yake nitaieleza kwa uadilifu, kwa kuwa ni hoja nzuri. "Baba," aliniambia, "wewe unataka kura yako iwe safi. Mimi nataka nchi iwe salama. Kama nyumba ya jirani inawaka, hatuulizi nani kati ya wenye ndoo ni mtu wa dini yetu." Anaishi katika kitongoji cha Toronto ambako mgombea wa NDP hajapata kukaribia ushindi. Kule mashindano yalikuwa kati ya Mliberali na Mhafidhina, na kura ya NDP isingebadili chochote. Alisema pia jambo ambalo watu wa dhamiri hatupendi kulisikia: kwamba usafi wa moyo wakati mwingine ni namna ya ubinafsi. Mtu anatoka kituoni akiwa ameridhika, mikono yake safi, na gharama ya usafi huo analipa mtu mwingine, labda mkimbizi, labda mama anayesubiri nafasi ya mtoto katika chekechea ya bei nafuu.

Sikuweza kumpinga kwa hesabu. Katika jimbo lake alikuwa sahihi. Lakini mimi siishi katika jimbo lake.

Ninakoishi mimi ni London, ile ya mkoa wa Ontario, upande wa mashariki wa mji, katika jimbo la London—Fanshawe. Jimbo hilo lilikuwa mikononi mwa NDP tangu mwaka 2006. Hapa aliyekuwa na kiti, aliyewahi kumshinda Mhafidhina mara kwa mara, alikuwa ni mbunge wetu. Mtu aliyetaka kumzuia Mhafidhina alikuwa na njia iliyokwisha kupitika. Lakini watu hawakutazama jimbo; walitazama televisheni. Televisheni ilisema kwamba nchini kote ni Carney au Poilievre, nao wakaenda kumpa kura mgombea wa Carney, na matokeo yake Mhafidhina akashinda bila ya kufikisha nusu ya kura. Kura za NDP na za Waliberali zikijumlishwa zilimzidi. Mambo kama hayo yalitokea Windsor West, jimbo lililokuwa la NDP tangu mwaka 2002.

Katika miaka yangu ya ualimu niliona wanafunzi wengi waliokamatwa wakinakili. Waliokuwa na bahati mbaya kuliko wote ni wale walionakili kwa mwenzao aliyepewa mtihani tofauti: majibu yalikuwa sahihi kabisa, ila maswali hayakuwa yao. Hesabu ya nchi nzima ikipelekwa katika jimbo moja huzaa kosa la namna hiyo.

Hata hivyo haki inanitaka niongeze mambo mawili. La kwanza, wapo wanaonirudishia lawama. Husema: "Ninyi mliobaki na NDP ndio mliogawa kura. Mngekuja kwetu wote, Mhafidhina asingepita." Nami naweza kuwajibu kwamba wao wangebaki wote, asingepita pia. Hoja hizi mbili zina uzito ule ule na zinafutana. Hesabu inampa kila mmoja haki ya kumlaumu mwenzake, na Mhafidhina anakwenda bungeni huku sisi tunabishana. Jambo likiwa hivyo, ni dalili kwamba kosa haliko kwa mpiga kura peke yake. Liko katika kanuni ya mchezo.

La pili ni kwamba kura zetu hazikwenda zote kwa Waliberali. Jirani yangu mmoja, fundi mstaafu wa kiwanda cha magari, aliyekipigia kura NDP maisha yake yote, safari hii aliwapa Wahafidhina. Nilimwuliza sababu. Aliniambia kwamba chama chake cha zamani sasa kinazungumza lugha ya watu waliosoma sana, na kwamba mtu wa kwanza aliyemzungumzia bei ya nyama na mkopo wa nyumba ya mwanawe alikuwa ni Poilievre. Sikukubaliana naye kuhusu dawa, lakini ugonjwa alioutaja upo. Mtu huyu hakuazima kura. Ameihamisha. Chama kinachohesabu kura zote zilizoondoka kuwa ni za woga, kwa hiyo zitarudi zenyewe woga ukiisha, kinajidanganya.

Nirudi kwenye kanuni ya mchezo. Mwaka 2015 Trudeau aliahidi kwamba uchaguzi ule ungekuwa wa mwisho kuendeshwa kwa utaratibu huu wa mwenye nyingi kuchukua kiti. Chama chake kikapata viti 184 kati ya 338 kwa asilimia 39.5 ya kura, na Februari 2017 ahadi ikaachwa. Wala sishangai: ni wachache wanaoivunja ngazi waliyopandia. Lakini faida ya pili ya utaratibu huo kwa Waliberali huwa haisemwi wazi. Mfumo huu unawapa hoja ya kudumu mbele ya watu kama mimi: "Hamtupendi, tunajua, lakini mnamwogopa yule zaidi." Kwa hesabu ya uwiano, asilimia 6.3 ya viti 343 ni karibu viti 22. NDP ilipata saba. Viti vilivyobaki vilimezwa na kanuni, na hofu ikamaliza vilivyosalia kabla hata ya kura kupigwa.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha maadili ya jambo hili. Kura ya woga inaweza kuwa halali, kama mkopo ulivyo halali. Lakini mkopo una masharti, na katika siasa mara nyingi anayekopa huondoka na mali akidhani amepewa zawadi. Tazama yaliyofuata mwaka 2025. Siku ya kwanza ya uongozi wake, hata kabla ya uchaguzi, Carney alifuta kodi ya kaboni iliyotozwa wananchi kwenye mafuta. Alifuta pia mpango wa kuongeza kodi kwenye faida za mitaji. Novemba alitiliana saini na mkoa wa Alberta makubaliano ya kufungua njia ya bomba jipya la mafuta hadi Bahari ya Pasifiki, hata waziri wake mmoja aliyejulikana kwa kutetea mazingira, Steven Guilbeault, akajiuzulu. Bajeti yake ilipanga kupunguza maelfu ya nafasi za watumishi wa serikali na kuongeza fedha za jeshi. Sisemi kwamba mambo haya yote hayana sababu; nchi iliyotishwa na jirani mkubwa hujihami. Ninachosema ni kwamba waliomwazima kura hawakumwagiza hayo, na hawakuwa na mtu wa kutosha bungeni wa kumkumbusha deni. Mwaka 2022 walikuwapo watu 25 wa kudai. Mwaka 2025 walibaki saba.

Na hao saba nao walipimwa kwa mtihani ule ule uliotupima sisi. Tarehe 17 Novemba 2025 bajeti ilipigiwa kura, na serikali ikianguka uchaguzi ungerudiwa mara moja. NDP ilisema wazi kwamba haiitaki bajeti. Watano walipiga kura ya kuikataa, na wawili hawakupiga kura kabisa. Wahafidhina wawili nao hawakupiga. Bajeti ikapita kwa kura 170 dhidi ya 168. Maana yake ni kwamba chama kiliikataa bajeti kwa mdomo na kuiokoa kwa ukimya, kwa hofu ya uchaguzi ambao kisingeweza kuumudu na ambao ungeweza kumleta yule yule tunayemwogopa. Wapo waliowacheka. Mimi sikucheka. Mpiga kura aliyeazima kura yake mwezi Aprili hana ruhusa ya kumcheka mbunge aliyenyamaza mwezi Novemba. Walifanya jambo moja.

Je, basi nashauri mtu ashikilie imani yake daima, liwalo na liwe? Hapana. Mwaka 1974 NDP, chini ya David Lewis, iliacha kuishikilia serikali ya Pierre Trudeau, ikaungana na Wahafidhina kuiangusha. Matokeo yake Waliberali walipata wabunge wengi peke yao, NDP ikashuka kutoka viti 31 hadi 16, na Lewis mwenyewe akapoteza chake. Msimamo usiotazama matokeo una gharama yake, na gharama hiyo huwaangukia zaidi wale tunaodai kuwatetea. Kwa upande mwingine, mwaka 1939 Woodsworth alisimama bungeni kupinga nchi kuingia vitani, akijua kwamba hata chama chake hakiko pamoja naye. Alishindwa siku ile, na wengi wetu tungesema leo kwamba kuhusu Hitler hakuona mbali. Lakini watu wa vyama vyote walimheshimu, kwa sababu walijua kwamba neno lake halina bei. Taifa linahitaji watu wa namna zote mbili, yule anayepima na yule asiyepimika, na ni shida kweli kwamba mara nyingi wanatakiwa waishi ndani ya mtu mmoja mwenye karatasi moja na kalamu moja.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti matatu, na ninayatoa kwa yeyote anayetaka kuyapima.

Sharti la kwanza ni kwamba hesabu ifanywe jimboni mwangu, kwa majina ya wagombea wangu na matokeo ya chaguzi zilizopita, na si kwa sauti ya mtangazaji aliyeko Toronto. Kama hesabu hiyo inaonyesha kwamba mtu wangu ndiye mwenye uwezo wa kumzuia ninayemwogopa, basi imani na hesabu zimekutana na hakuna cha kujadili. Ndiyo maana Aprili 2025 nilimpigia mbunge wetu, na ningempigia tena.

Sharti la pili ni kwamba hatari itajwe jina lake, na iwe na mwisho. "Safari hii ni ya hatari kuliko zote" ni maneno niliyoyasikia katika kila uchaguzi tangu nilipofika. Mwaka 2025 hatari ilikuwa kubwa kweli, sikatai. Lakini mtu anayeazima kura kila mara hana tena kura. Ana desturi tu ya kuogopa, na chama chake hufa huku kila mwanachama akisubiri mwaka mzuri wa kukipigia.

Sharti la tatu ndilo zito. Anayeazima kura lazima ajue jinsi ya kudai. Kura hutolewa siku moja. Baada yake kuna siku elfu moja na zaidi ambazo hakuna anayetuuliza kitu. Siku hizo ndizo za kulipa ada ya uanachama, kumwandikia mbunge hata kama si wetu, kuhudhuria mkutano wa tawi wenye watu tisa na chai iliyopoa. Mgombea asiyefikisha asilimia 10 ya kura harudishiwi sehemu ya gharama zake na serikali, na mwaka 2025 wagombea wengi wa NDP hawakufikisha. Aliyeazima kura kwa sababu njema anajua sasa deni lake liko wapi.

Binti yangu, namshukuru Mungu, amelielewa jambo hili kuliko nilivyotazamia. Tangu mwaka 2025 ni mwanachama wa NDP mwenye kadi, na kila mwezi anatoa mchango, yeye ambaye hakuwapa kura yake. Nilipomwuliza kama haoni kwamba mambo hayo mawili yanapingana alinijibu, "Baba, kura nilimwazima Carney. Chama sikumwazima mtu."

Nalipenda jibu hilo, ingawa bado tunabishana. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nao walikuwa wakimwonya anayevaa. Waliberali wanavaa nguo zetu, na wakumbuke hivyo. Lakini mwenye nguo naye ana wajibu wake: akikaa kimya miaka minne asishangae kuiona imekatwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mtu mwingine. Kwa sheria ilivyo uchaguzi ujao usipite Oktoba 2029, na unaweza kuja mapema zaidi. Nikijaliwa uhai nitakwenda kituoni na karatasi ya hesabu ya London—Fanshawe mfukoni. Kabla ya hapo yapo mambo ya kufanya, na tawi letu linakutana Alhamisi.